Pata Potea: Hesabu Pekee Haitoshi

Wapo wanaoshikilia kwamba mchezo wa karata uitwao poka ni mchezo wa kusoma nyuso: anayejua kumtazama mwenziwe machoni ndiye mshindi. Wapo pia wanaosisitiza kwamba ni hesabu tupu, na kwamba macho hayana kazi mezani. Mimi ni mwalimu wa isimu, si mcheza kamari. Hata hivyo, naona mjadala huu wa saikolojia na hisabati unawahusu walimu na wanafunzi kuliko wanavyodhani.

Tuanze na hesabu. Chukulia kwamba mezani pana shilingi 300, nawe unaweka 300 zaidi. Mpinzani wako akitaka kuziona karata zako, sharti alipe 300 ili ashinde 600. Ikiwa katika kila mara tatu unazoweka dau hilo, mara mbili una karata bora na mara moja unamtishia nyau tu, basi akikubali kila mara atapoteza 300 mara mbili na kupata 600 mara moja. Hapati faida wala hasara. Ukizidisha vitisho, atanufaika kwa kukubali daima. Usipotisha kamwe, atajiondoa kila uwekapo dau. Ni dhahiri, basi, kwamba hata uongo una kipimo chake. Mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, aliiwekea michezo ya namna hii msingi wa nadharia mwaka 1928. Mnamo 1944, yeye na Oskar Morgenstern wakaichambua poka katika kitabu chao kuhusu nadharia ya michezo na uchumi.

Ushahidi mzito zaidi ulipatikana Januari 2017 mjini Pittsburgh, Marekani. Programu ya kompyuta iitwayo Libratus, kazi ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika michezo 120,000 iliyochezwa kwa siku 20. Programu hiyo haikuona jasho la mtu wala haikusikia sauti ikitetemeka. Ilipiga hesabu tu.

Je, saikolojia imekosa kazi? La hasha. Libratus ilicheza mahali ambapo karata zilichanganywa kwa haki na kanuni zilijulikana na wote. Maisha ya mitaani hayana dhamana hiyo.

Hapa Majengo, Nyeri, kama ilivyo Karatina, Nanyuki na miji mingine mingi ya Kenya, karibu kila mtu anaujua mchezo wa pata potea. Karata tatu hulazwa kifudifudi, moja ikiwa ya ushindi. Mchezeshaji huzihamisha upesi, kisha humwalika mpita njia aweke fedha kwenye ile aliyoiona. Tufanye hesabu kwa kudhani kwamba mchezo ni wa haki na kwamba mchezaji anabahatisha. Aweke shilingi 100 mara tatu: kwa wastani atashinda 100 mara moja na kupoteza 100 mara mbili. Hata bila hila, ni hasara.

Lakini hila ipo. Mkono wa mchezeshaji ni mwepesi kuliko jicho, na wale wanaoonekana kushinda aghalabu ni wapambe wake. Mgeni hadhani kwamba anabahatisha. Amefanywa aamini kwamba ameiona karata. Mwanafunzi aliyepata alama zote katika somo la uwezekano anaweza kuliwa papo hapo, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kujiuliza maswali mawili: nani anayezigawa karata, na kwa nini anataka nicheze?

Jina lenyewe la mchezo linastahili kuchunguzwa. Vitenzi viwili vimewekwa sambamba, kimoja kwa kimoja, kana kwamba kupata na kupotea vina uzito sawa, na kupata kumetangulizwa. Huo ni ushawishi. Hata hivyo, lugha imeficha ukweli ndani ya jina hilohilo. Halisemi "poteza," bali "potea." Kinachopoteza ni mkono, na kilichopotezwa ni fedha, lakini anayepotea ni mtu.

Namna anavyopotea inajulikana. Mnamo 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba hasara humuuma mtu zaidi ya jinsi faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha, na kwamba aliye katika hasara huwa tayari kujihatarisha zaidi ili ajikomboe. Ndiyo maana aliyeliwa shilingi 100 za nauli huweka 500 za karo.

Siku hizi hahitaji kwenda sokoni. Simu yake ina michezo ya kamari usiku na mchana, na ingawa sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18, simu ya mzazi au ya rafiki haikosekani.

Mtaala wa 8-4-4 uliiweka mada ya uwezekano katika hisabati ya kidato cha tatu, ukitumia sarafu, dadu na mipira ya rangi. Ni mifano mizuri, ila haina mdanganyifu. Napendekeza mwalimu wa hisabati alete darasani karata tatu na maharage badala ya fedha, wanafunzi wacheze mara mia na kuandika kila matokeo. Kisha mwalimu wa Kiswahili awaongoze kuyachambua matangazo ya kamari: ni neno gani limetangulizwa, na ni lipi lililofichwa? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuwape vijana wetu daftari hilo, na tuwafunze pia kumtambua anayetaka walifunge.