Kichagga Hakikumwibia Mtu Kiingereza

Desemba iliyopita nilikuwa Moshi, mtaa wa Soweto, kwa jamaa waliobanana vyumbani ili nipate mahali pa kulala. Asubuhi ya kwanza nikasikia amri mezani: humu ndani ni Kiingereza tu. Mama mwenye nyumba aliitoa amri hiyo kwa Kiswahili, wala hakuwa akitania. Binti yao anasoma shule ya kulipia, na mwalimu amewaonya kwamba Kichagga cha nyumbani ndicho kinachomharibia alama.

Huo ni uongo, nami nimechoka kuukalia kimya. Mwalimu Nyerere alikulia Butiama akisema Kizanaki. Kizanaki hakikumzuia kusoma Edinburgh, wala kumfasiri Shakespeare mara mbili katika miaka ya 1960. Mimi sikukanyaga chuo. Kiingereza nilikipata kwa kamusi na subira, na kila neno nililipima kwanza kwa lugha ya mama yangu. Asiye na mizani nyumbani atapimia nini?

Anayewanyima watoto Kiingereza tunamjua. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akafika sekondari na kutoswa katika Kiingereza asichofundishwa kikamwingia. Akakariri fizikia kama anayekariri dua. Tume ya Makweta ilishauri mwaka 1982 Kiswahili kipande hadi sekondari, serikali ikakataa. Wazazi wenye uwezo wakakimbilia shule za kulipia, na huko wakaambiwa kosa ni lao, wanasema Kichagga.

Siku ya Krismasi tulipanda Marangu. Bibi akamwita mjukuu wake kihambani amwonyeshe mchare na kitarasa, amweleze na sale, jani ambalo Mchagga hulipeleka anapoomba msamaha. Mtoto akamgeukia mama yake amfasirie. Kazi yangu ni kufasiri, na sijaiona tafsiri iliyoniuma kama ile: bibi na mjukuu, damu moja, na mkalimani katikati.

Nasi wa visiwani tusijione tumepona. Sera yetu ya elimu ya 2006 iliwarejeshea watoto wa darasa la tano Kiingereza katika hesabu na sayansi. Na Mmakunduchi akisema Kikae chake mjini, nani kati yetu hajapata kumcheka? Sisi watunga mashairi tunaokwenda kuokota maneno Pemba na Tumbatu tukipungukiwa na vina, tulisema nini?

Nilimwomba yule binti anionyeshe vitabu vyake vya Kiingereza. Akaleta viwili, vyote vya maswali ya mitihani iliyopita. Hadithi hakuwa nayo hata moja. Basi mwalimu aliyepiga marufuku Kichagga atujibu: mtoto huyu husoma Kiingereza kwa sauti mara ngapi kwa wiki, na ni nani anayekaa naye kumsahihisha?