Mwenyeji Anayemsimanga Mgeni: David Letterman na Mastaa Wake

David Letterman aliendesha vipindi vya mazungumzo ya usiku katika televisheni ya Marekani kwa miaka 33, muda ambao hakuna mwingine wa kazi hiyo aliyeufikia, hata Johnny Carson aliyemtangulia na kumfungulia njia. Alianza na Late Night katika kituo cha NBC Februari 1982, akahamia CBS Agosti 1993 na kuanzisha Late Show katika ukumbi wa Ed Sullivan mjini New York, akaaga tarehe 20 Mei 2015. Waliopita kwenye kiti cha wageni wake ni wengi mno, marais kwa waimbaji. Wapo waliotoka pale wakicheka, na wapo waliotoka wamenyong'onyea. Ndiyo maana mshabiki wake wa kweli humpenda huku akimlaumu, na katika yote mawili ana haki.

Sababu ya kumpenda haina budi kutangulizwa. Kipindi cha mazungumzo, kama kilivyozoeleka Marekani, ni biashara iliyovishwa nguo za maongezi. Mwigizaji ana filamu mpya, kampuni inataka iuzwe. Siku chache kabla, mtayarishaji humpigia simu mgeni na kupatana naye visa atakavyosimulia. Ukifika usiku wenyewe, mgeni huvisimulia kana kwamba vimemjia hapo hapo, mtangazaji huangua kicheko kama aliyesikia jambo jipya, kipande cha filamu kikaonyeshwa, makofi yakapigwa, akaitwa mwingine. Letterman alikataa kuwa dalali wa mnada huo. Mgeni aliyekuja na majivuno alipokelewa kwa uso mkavu, na aliyekuja na hadithi ya kubuni aliulizwa swali lililoipasua katikati. Hata nafsi yake hakuibakiza, kwa maana alijikejeli usiku baada ya usiku. Watu waliochoshwa na sifa za kupangwa walimpenda kwa hilo, na walifanya vyema.

Ukali wake ulipendeza zaidi ulipoelekezwa kwa wenye nguvu. Septemba 2008 John McCain, aliyekuwa akigombea urais, alighairi kuja kwenye kipindi akidai kwamba anakimbilia Washington kushughulikia msukosuko wa fedha. Letterman akagundua kuwa mgombea bado yuko New York, tena katika studio za CBS, anapakwa poda ili ahojiwe na mtangazaji wa habari Katie Couric. Akaionyesha picha hiyo kwa watazamaji wake papo hapo. Mwezi uliofuata McCain alirudi, akaketi, akakiri kuwa amekosea. Mtu anayetaka kukabidhiwa nchi akidanganya, asutwe hadharani. Hapana muungwana atakayelia naye.

Vivyo hivyo kwa mastaa wenye meno. Cher alipofika mara ya kwanza mwaka 1986 alimtolea Letterman neno la matusi usoni, na mwaka uliofuata akarudi kwenye kipindi hicho hicho kuimba pamoja na Sonny Bono, mumewe wa zamani. Madonna naye Machi 1994 alikaribishwa kwa kejeli juu ya mapenzi yake. Alijibu kwa matusi mfululizo hadi wahariri wa CBS wakawa na kazi ya kuyafunika. Lakini Septemba mwaka huo huo alionekana jukwaani kwenye tuzo za MTV akiwa ameshikana mkono na Letterman. Hawa walipigwa vijembe wakarudisha, na mambo yakaisha kwa kicheko.

Haya kwa Mswahili si mageni, maana utani ameukuta. Mchaga na Mpare, au Mhehe na Mngoni, huambiana maneno ambayo akiyasema mtu baki pangezuka ugomvi. Mtani huthubutu hata msibani, akaangua kicheko mbele ya jeneza, na watu wakamwachia. Lakini utani una masharti yake. Anayetaniwa ana ruhusa kamili ya kutania, hakuna aliye juu ya mwenziwe, na mtani yule yule aliyecheka msibani ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Ukiondoa masharti hayo kinachobaki ni masimango, na mzaha mzaha hutumbua usaha.

Kosa la Letterman lilianzia hapo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: alisifiwa mno kwa ukali hadi akaacha kupima aliyeketi mbele yake ni nani. Janet Jackson alifika Machi 2004 kutangaza albamu yake mpya, wiki chache tu baada ya vazi lake kufunuliwa mbele ya mamilioni katika onyesho la Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani, tukio ambalo lawama zake karibu zote alibebeshwa yeye mwanamke. Alionyesha wazi kuwa hataki kulizungumza. Swali likarudi, na likarudi tena.

Septemba 2007 ilikuwa zamu ya Paris Hilton. Alikuwa ametoka jela ya Los Angeles miezi mitatu tu nyuma, baada ya kifungo kilichotokana na makosa ya udereva, na alikuja kutangaza bidhaa zake. Letterman alianza na jela, akaendelea na jela, na mgeni aliposema kuwa hayo yamepita na hataki kuyarudia, aliulizwa tena habari za jela, huku ukumbi mzima ukicheka. Miaka mingi baadaye Hilton alieleza kuwa aliahidiwa jambo hilo halitaguswa. Si lazima mtu awe mpenzi wa Hilton, wala wa maisha ya anasa yaliyompa jina, kuona ubaya uliokuwapo. Alikuwa ameshatumikia adhabu aliyopewa na mahakama. Hii ya pili ilitolewa na nani?

Lililowachoma mashabiki kuliko yote ni la Aprili 2013. Lindsay Lohan alikuwa na miaka 26, mwigizaji wa filamu tangu utotoni, na mahakama ilikuwa imekwisha kuamuru aende siku 90 kwenye kituo cha kutibu uraibu. Alikuja kutangaza filamu ya Scary Movie 5. Hata hajakaa vizuri akaulizwa kama hakupaswa kuwa kituoni wakati ule, mara ngapi ameshakwenda, wanamtibu nini hasa, je, anakunywa kupita kiasi? Lohan alitabasamu, akasema kuwa hayo hayakuwamo katika mazungumzo ya maandalizi. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua kadi ya Letterman yenye mizaha iliyoandikwa kumhusu yeye, akaanza kuisoma mwenyewe. Kitendo hicho kimoja kilikuwa na adabu na ujasiri kuliko kadi yote. Kweli, mwishoni Letterman alimsifu kwa kuthubutu kuja, na sauti yake ilikuwa na huruma, hata macho ya binti yule yakalowa. Wapo wanaoishika sehemu hiyo kuwa ndiyo utetezi. Lakini mtu hamwagii mwenziwe maji ya moto kwanza ili apate nafasi ya kumpaka dawa.

Na Letterman hakuwa mgeni wa uraibu. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mlevi, akaiacha pombe akiwa na miaka thelathini na ushei, na hakuificha habari hiyo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Basi atukanaje ambaye wakunga wameshamzalisha?

Wala haifai kusema kuwa ndiyo kazi, kwamba kipindi cha kuchekesha hakina njia nyingine. Njia nyingine ilikuwapo katika nyumba hiyo hiyo. Baada tu ya Late Show, CBS ilirusha kipindi cha Craig Ferguson, Mskoti, kilichotengenezwa na kampuni ya Letterman mwenyewe. Februari 2007 mwimbaji Britney Spears alijinyoa kichwa mbele ya kamera za wapiga picha waliokuwa wakimwinda, na wachekeshaji wote wa Marekani wakaona wamepata karamu. Ferguson alisimama siku chache baadaye akawaambia watazamaji wake kuwa hatamcheka. Akaeleza jinsi pombe ilivyomfikisha yeye mwenyewe ukingoni mwa kujiua huko London, na kwamba alikuwa ametimiza miaka 15 bila kuionja. Alisema kuwa kuna wakati kicheko humwangukia asiyeweza kukibeba. Watu walimsikiliza kwa makini, tena walicheka pale palipochekesha, na kipindi chake kiliendelea hadi mwaka 2014.

Oktoba 2009 ikawa zamu ya Letterman kuwa na siri ya kuaibisha. Alitangaza kwenye kipindi chake kuwa mtu amemdai dola milioni 2 ili asifichue kwamba amekuwa na mahusiano na wanawake wanaofanya kazi chini yake. Yeye alijieleza akiwa mezani pake. Alichagua pa kuanzia na pa kukomea, na hapakuwa na wa kumkatiza. Hadhira ilimpigia makofi. Siku chache baadaye aliomba radhi kwa mkewe na kwa wafanyakazi, na pia hilo alilifanya kwa maneno yake mwenyewe na kwa wakati aliouchagua. Nafasi kama hiyo Hilton hakuipata. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Pamoja na hayo, atakayesema kuwa Letterman hana moyo atakuwa amemsingizia. Tarehe 30 Oktoba 2002 alimwalika mwimbaji Warren Zevon, ambaye madaktari walikuwa wamemwambia kuwa ana saratani ya mapafu isiyo na tiba. Alimpa kipindi chote, saa nzima, bila mgeni mwingine. Alimuuliza juu ya mauti bila kuzungukazunguka, na Zevon akajibu kwa ucheshi ule ule wa siku zote, akiwaasa watu waionje vizuri hata sandwichi wanayokula. Hapakuwa na machozi ya kujionyesha wala maneno ya kubembeleza mno. Zevon alifariki Septemba 2003. Ndiyo sababu lile la Lohan halisameheki kwa urahisi: Letterman alijua namna ya kukaa na mtu aliye katika dhiki. Alijua, na usiku ule hakuitumia elimu yake.

Lawama isiishie kwake. Mwaka 2013 watu walicheka na Letterman. Februari 2021, baada ya filamu ya hali halisi kuhusu Britney Spears kuzinduliwa, kipande cha mahojiano ya Lohan kilifufuliwa kikazunguka duniani, na mtangazaji akalaaniwa. Dunia haikuwa imebadilisha watu wake wote katika miaka minane. Wengi wa waliolaani walikuwapo siku za kicheko. Tena wengi walikiona kipande cha dakika chache tu kwenye simu, bila mwanzo wala mwisho, wakatoa hukumu na kukisambaza kwa wenzao. Aliyekikata anajua anachokitafuta. Anayekisambaza je?

Nyumbani Afrika Mashariki ugonjwa huu wa kumsimanga mgeni umeshabisha hodi na kukaribishwa ndani. Watu wa nchi hizi wanasifika kwa kumstahi mgeni; hata maskini wa mwisho hutandika mkeka, na Nabii Ibrahimu aliyewachinjia wageni ndama anatajwa misikitini na makanisani. Lakini katika studio za redio na vijituo vya mtandaoni hali ni nyingine. Msanii wa kike anaalikwa kuzungumzia wimbo wake, anaulizwa nani baba wa mtoto. Aliyetoka hospitali ya magonjwa ya akili anaulizwa ilikuwaje akavua nguo. Msanii akifiwa, vipaza sauti kumi vinasukumwa mbele ya kinywa chake pale pale makaburini, udongo haujashindiliwa, na kijana mwenye nembo ya kituo chake anamuuliza anajisikiaje. Huyo anajiona mwandishi wa habari. Watangazaji hawa wameuchukua ukali wa Letterman wakaacha yaliyoupa thamani: hawajikejeli wenyewe, hawawagusi wakubwa, na mwanasiasa akija studioni hugeuka wapole kama wanaoomba kazi. Waheshimiwa wahariri wanaowatuma vijana hao nao wana mama na dada. Wamwulize mgeni kwanza asichotaka kuguswa, wakiahidi watimize, na mfiwa wamwache azike.

Tangu Januari 2018 Letterman amekuwa na kipindi kingine, cha Netflix, alichokifungua kwa mazungumzo na Barack Obama. Meza imeondolewa. Kadi za mizaha hazipo, ndevu zimekuwa nyeupe, na mgeni hupewa muda wa kumaliza wazo lake. Mwaka 2019 aliketi na Kanye West, ambaye wakati huo alikuwa mmoja wa watu waliodhihakiwa zaidi Marekani, wakazungumza juu ya ugonjwa wa akili unaomsumbua. Letterman aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akanyamaza, akasikiliza. Mshabiki aliyeyatazama mazungumzo hayo alifurahi, na furaha hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake, kwa kuwa aliyoyapata West ndiyo aliyostahili Lohan miaka sita kabla, kutoka kwa mtu yule yule.