Umelipa kwa simu, mhudumu amepata nini?

Wiki chache zilizopita nilikula mchana kwenye mgahawa mmoja mjini Babati. Wali, nyama, mboga za majani na soda, bili ikawa shilingi 8,500. Sikuwa na noti mfukoni, kwa hiyo nikalipa kwa lipa namba iliyobandikwa ukutani. Nikaandika 10,000 badala ya 8,500, na nikamwambia dada aliyenihudumia kwamba hiyo iliyozidi ni yake. Akacheka kidogo, akaniambia imeshaenda kwa bosi, na yeye hataiona.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wahudumu wa migahawa na baa ninakopita. Wengi wamenijibu hivyo hivyo.

Swali tunaloulizwa mara nyingi studioni kuhusu bahshishi, au tipu kama vijana wanavyoita, ni moja tu: niache shilingi ngapi? Nitalijibu. Ila kuna swali jingine linalotangulia, nalo ni pesa hiyo inaishia mkononi mwa nani.

Huku kwetu bahshishi haijawahi kuwa hesabu ya asilimia. Imekuwa ikipanda mgongoni mwa chenji. Bili ni 4,500, una noti ya 5,000, unamwambia mhudumu chenji yako hiyo. Hukupanga kutoa. Uliona uvivu wa kusubiri mia tano irudi kutoka kaunta, au uliona haya kuidai, na mhudumu akapata nauli ya daladala. Ukifanya hivyo na wenzako kumi, siku yake imekaa vizuri.

Simu haina chenji. Bili ikiwa 4,500 unaandika 4,500, ujumbe unaingia, unaondoka. Hakuna aliyeamua kumnyima mhudumu kitu, lakini mia tano yake imepotea. Na yule mteja mwenye moyo anayeandika 5,000, ile iliyozidi inaingia kwenye akaunti ya mwenye mgahawa pamoja na mauzo. Bosi mwema ataangalia jioni na kurudisha. Lakini bosi huyo anahitaji kujua ipi ilikuwa ya nani, na akiwa na wateja mia kwa siku, hata mwema anachoka.

Kwa nini mia tano iwe jambo kubwa? Angalia mshahara. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa mgahawa, nyumba ya wageni au baa. Gawa kwa siku 26 za kazi: shilingi 5,000 kwa siku. Viwango vimepandishwa tangu hapo, kwa amri ya mwaka 2022 na nyingine iliyotangazwa 2025. Lakini ukikaa na mabinti waliotoka vijijini kwetu kwenda kuhudumu mjini, utagundua wapo ambao hawajawahi kusikia kwamba kuna amri. Wanalipwa kwa siku, kwa mdomo, bila mkataba. Mzazi anayesikiliza hapa akiwa na mtoto anayefanya kazi hiyo anajua ninachosema. Kodi ya chumba inatoka kwenye mshahara, na hela anayotuma nyumbani mara nyingi inatoka kwenye chenji za wateja.

Chenji hizo hizo ndizo zinazolipia glasi iliyovunjika na mteja aliyekimbia bili. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu wahudumu wengi wanaamini bosi ana haki ya kukata anavyotaka. Hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, apewe nafasi ya kujieleza, kinachokatwa kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mteja akitoroka kwa mlango wa nyuma wakati mhudumu yuko jikoni, kosa la nani hapo? Anayekatwa bila utaratibu anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi mikoani. Asikae nalo muda mrefu: mgogoro wa namna hii unapaswa kufikishwa ndani ya siku 60. Chama cha wafanyakazi wa mahoteli, CHODAWU, nacho kipo kwa ajili hiyo.

Sasa, wanaotazama video za Marekani kwenye simu wamewaona watu wakigombana kuhusu asilimia 15, 18, hata 20 ya bili. Wengine wameanza kuuliza kama na sisi tunatakiwa kufika huko. Mfumo wao ni tofauti. Sheria ya taifa ya Marekani inamruhusu mwenye mgahawa kumlipa mhudumu anayepokea bahshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, wakati kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25. Bahshishi ndiyo inatakiwa kuziba pengo, na isipotosha, mwajiri ndiye aongeze. Yapo majimbo, kama California, yasiyoruhusu hivyo. Kwingi, lakini, mteja akiondoka bila kuacha kitu ni kama amegoma kulipa mshahara wa mtu.

Ndiyo maana mtalii wa Kimarekani akila Karatu au Mto wa Mbu huacha noti bila kuulizwa, na Mjapani anaweza kushukuru kwa kuinama na kuondoka. Si uchoyo. Kwao Japani kuacha pesa mezani si desturi, na mhudumu anaweza kukukimbilia hadi barabarani akidhani umesahau. Mliokuwa mkiwasema vibaya, muwasamehe.

Nchi inayofaa kuangaliwa kwa shida yetu ni Uingereza. Kule kadi za benki zilianza zamani kufanya kile ambacho lipa namba inafanya hapa: bahshishi ikawa inapita kwanza kwa mwajiri, na wapo waliobaki nayo. Bunge likatunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiri lazima awape wafanyakazi bahshishi yote bila kukata, na asivuke mwisho wa mwezi unaofuata. Sisi hatuhitaji kungoja Bunge kwa jambo dogo hivi. Mwenye mgahawa anaweza kubandika namba ya pili, ya wahudumu, wakagawana jioni.

Wengine wameniambia suluhisho ni rahisi: mwombe mhudumu namba yake, umrushie. Nilidhani hivyo pia, mpaka dada mmoja wa baa akanieleza kinachofuata baada ya namba. Simu za saa nne usiku, na mtu anayeamini shilingi 2,000 zimemfungulia mlango. Kukataa namba anakosa hela, kutoa anakosa usingizi. Kwa hiyo, ndugu zangu wanaume hasa, msiombe namba kwa kisingizio cha tipu.

Na kiasi? Kwa mama ntilie sioni haja, kwa sababu mpishi, mhudumu na bosi ni mtu mmoja na bei ameipanga mwenyewe. Kwenye mgahawa wa kawaida au baa, 500 au 1,000 inatosha, zaidi mkiwa meza ya watu wengi. Ukialikwa kwenye hoteli ya kitalii, soma bili kwanza. Kama kuna tozo ya huduma, umeshalipa, ingawa si vibaya kuuliza kama inawafikia wahudumu. VAT ni kodi ya serikali, mhudumu haionji. Kama tozo haipo, asilimia kumi ni heshima nzuri. Na kama huna, huna. Asante yenye jina la mtu inapokelewa pia, na sheria haimlazimishi mteja kuacha kitu.

Mimi nimeanza kutembea na sarafu za mia tano kwenye kikopo cha gari. Niliporudi Babati nililipa 8,500 kamili kwa simu, nikaweka sarafu tatu chini ya sahani. Dada yule hakuwepo zamu, kwa hiyo deni lake bado ninalo.