Mtoto Naye Apewe Samaki



Kila mwisho wa mwezi mambo ni yale yale. Mshahara umetoka, samaki wa Tchomia na Kasenyi wamefika sokoni Bunia, jioni sufuria inanukia vizuri. Baba anawekewa samaki. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anachovya bugali katika mchuzi. Ukiuliza, unajibiwa kwamba samaki ana miiba. Miiba hutolewa! Mimi nasema desturi hiyo inatuharibia watoto.

Wengi hudhani mtoto aliyekonda amekosa bugali tu. Sivyo. Kuna mafuta ya namna mbili ambayo mwili hauwezi kujitengenezea: omega-6 na omega-3. Ubongo na macho ya mtoto huyahitaji ili yakue. Mawese yetu ni mazuri, yana nguvu na vitamini A, lakini omega-3 karibu hayana. Karanga zina omega-6 nyingi, omega-3 karibu hakuna. Mafuta ya soja yanayo kiasi, ila mwili hupata shida kuigeuza iwe ile inayotumiwa na ubongo. Samaki anayo tayari.

Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa damu uliofanyika Kampala, kwa jirani zetu wa Uganda. Watoto 120 wenye utapiamlo mkali walilinganishwa na 29 wenye afya. Katika matibabu omega-6 kwa jumla ilipanda, lakini omega-3 ya namna ya samaki ilishuka, na ilishuka zaidi kwa watoto ambao familia zao zilikuwa zimekula samaki siku za karibuni. Kwangu maana yake ni wazi: nyumbani walikuwa wakiipata, katika chakula cha matibabu hawakuipata ya kutosha.

Mtu asinielewe vibaya. Maziwa ya matibabu na pakiti za karanga huokoa maisha. Pakiti ni dawa ya mgonjwa. Haziuzwi sokoni, wala hazigawiwi ndugu zake. Lakini akirudi nyumbani asirudi kwenye mchuzi mtupu.

Sasa jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Mtoto mwenye virusi vya SIDA na asiye navyo wanaweza kukonda sawasawa. Utepe wa mkono ukionyesha chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, hali ni ya hatari, lakini utepe hausemi sababu. Mwenye virusi huharisha mara kwa mara, hupata vidonda mdomoni, chakula hakimkai. Bila dawa za kupunguza virusi, utamlisha naye atakonda tena. Kwa hiyo kila mtoto mwenye utapiamlo mkali apimwe. Aliye chini ya miezi 18 hupimwa kwa namna yake, maana kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha kinga aliyopewa na mama yake tu.

Na baba yuko wapi? Mama huja peke yake, husikia jibu peke yake, kisha hurudi nyumbani kulaumiwa. Mtu akishuka shimoni bila kofia tunamkemea wote. Huyu anayemtuma mkewe apimwe kwa niaba yake, mbona tunamnyamazia? Waje wawili. Mama mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku anaweza kunyonyesha, na maziwa yake yana mafuta hayo hayo tunayoyatafuta.

Kuhusu miiba: chukua samaki wadogo wakavu, ondoa vichwa na mchanga, osha, kausha tena, twanga mpaka wawe unga, chekecha. Tia kijiko kimoja katika uji uliokwisha kuiva, au katika sombe ya mtoto. Makayabo usimpe, chumvi yake ni nyingi mno.