Mlezi wa Mzee Naye Ana Haki ya Kupumzika

Juma hili twautazama mji wa Sondu huko bara, pale Kaunti ya Kisumu inapopakana na Kericho. Upande mmoja wa mji husemwa Kijaluo, upande wa pili Kikipsigis. Mzee mwenye maradhi ya kusahau, yaitwayo dimensia, akivuka mpaka huo peke yake, huenda asiweze kueleza atokako, na anayemkuta asimfahamu. Ndipo binti au mkazamwana hushinda naye kutwa mlango ukiwa umefungwa. Biashara yake hulala, usingizi humhama, na watu humsifu kwa subira, sifa isiyompunguzia mzigo hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi haya, zaidi ya asilimia 60 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu wapo ambao, kwa kutangatanga usiku na kusema peke yao, hudhaniwa wachawi. Wala Pwani hatuna la kujivunia: Kaya Godoma, Kilifi, huwahifadhi wazee waliotishiwa kuuawa kwa tuhuma hizo.

Wajibu wa kuwahudumia wazazi twaujua sote. Lakini haukuandikwa kwa jina la binti mmoja. Jijini Nairobi, Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake alipatwa na maradhi haya, alianzisha shirika linalowakutanisha walezi. Nchi nyingine zina vituo vya kutwa: mzee hupelekwa asubuhi, hurudishwa kabla ya magharibi, saa ambazo wengi wao huzidi kuchanganyikiwa.

Kwa Sondu, na kwa mitaa yetu, kituo si lazima kiwe jengo jipya. Chatosha chumba cha chini chenye choo karibu na lango linalofungika, na kinamama watatu, mara mbili kwa juma. Bibi aliyeuza omena (dagaa, kwa lugha yetu) huenda amesahau majina ya wajukuu. Mpe ungo, vidole vyake bado vyachambua. Mzee mwingine atataka uji na mazungumzo ya ujana wake, hata akiyarudia mara kumi.

Na mgonjwa asiyeweza kutoka, jirani na amwendee, akae naye tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mlezi aende sokoni, akapimwe presha, au alale tu, wala asiulizwe alikuwa wapi.