Mji Tumemwachia Nani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la chama nijibu maneno yasemwayo mara nyingi mikutanoni, ambayo wengi wetu huyaitikia kwa kichwa bila kuyapima. Yasemwa hivi: karani aliyeletwa Handeni au Korogwe ni mpita njia, na apange chumba, atumikie miaka yake, na fedha yake aipeleke Dar es Salaam akanunue kiwanja, kwa kuwa thamani iko huko. Mimi sikubali. Maneno hayo yamewafukarisha watumishi wengi kuliko ulevi, nami nitaeleza sababu.

Chanika ziko mbili. Moja ni hapa Handeni, nayo ndiyo mji wenyewe. Ya pili iko Dar es Salaam, upande wa Ilala, mbali na posta na bandari. Basi mtumishi aketiye Chanika ya Handeni hulipa kodi ya vyumba viwili, tena hudaiwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Na wakati huo huo mshahara wake wakatwa mkopo kwa ajili ya kiwanja cha Chanika ya Dar es Salaam, asichokiona ila siku za likizo. Akienda hukuta majani yamemfika kifuani, na jiwe la mpaka limesogea hatua nne. Mawe hayana miguu, twajua, ila katika viwanja vya watu wakaao mbali hutembea sana. Mwaka wa tano hupata habari ya kwamba kiwanja kimeuzwa mara mbili, na mnunuzi wa pili amekwisha kupiga msingi. Ndipo aanzapo kupanda basi kwenda katika baraza la ardhi, na kila safari ni siku ya kazi na nauli.

Wenye kusifu Dar es Salaam huitaja Kariakoo. Vyema, na tuitaje. Mahali pale palipangwa na Wadachi mwisho wa utawala wao, na jina lake latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale katika Vita Kuu ya kwanza. Baada ya vita mji uligawanywa sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Kariakoo ikawa ya Waswahili. Je! wenye nyumba wa Kariakoo walikuwa watu wa namna gani? Walikuwa wapishi, maseremala, makarani, na wanawake wachuuzi. Hapakuwa na benki ya kuwapa mkopo, na sheria za Waingereza zilimzuia Mwafrika asikopeshwe kwa wepesi. Mtu alijenga nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, akakaa chumba kimoja, akapangisha vitano. Hakukimbilia porini kwa sababu pori ni rahisi. Alishika kiwanja kilicho karibu na kazi na soko. Mji ulipokua, thamani ilimfuata pale pale alipoketi, na wajukuu wake wamekuta wenye kujenga maghorofa wanabisha hodi. (Wala sisemi ghorofa ndiyo heri. Ghorofa iliyoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 iliua watu zaidi ya ishirini.) Nisemalo ni hili: mababu wale walipata kwa sababu walikaa katikati ya mji waliokuwa wakifanya kazi, si kwa sababu mji uliitwa Dar es Salaam.

Sasa tuitazame Korogwe. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902. Barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha yapita hapa, na ile ya Handeni imekwisha kutiwa lami. Katika Manundu na Majengo zingaliko nyumba za zamani, za bati lililoota kutu, juu ya viwanja vilivyopimwa, karibu na soko, hospitali na kituo cha mabasi. Nani anunuaye nyumba hizo zinapouzwa? Mfanyabiashara. Huzibomoa akajenga maduka mbele na vyumba nyuma, na katika vyumba vile vya nyuma hupanga nani? Karani wa Serikali, mwenye cheti na kalamu, ambaye angaliweza kununua nyumba ile ile kwa fedha aliyoipeleka kufugia majani ya Chanika nyingine.

Handeni nako kuna jambo la maji, na asiyekaa Handeni hajui uzito wake. Maji ya mji huu hutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mabomba ya mradi uitwao HTM uliojengwa miaka ya 1970, na shida ya ndoo yajulikana na kila mama wa hapa. Nyumba iliyo karibu na bomba si sawa na nyumba iliyo juu ya kilima ambako kila ndoo hununuliwa. Wenzetu wanaonunua pembeni mwa mji kwa sababu ya bei huona bei ya kiwanja tu. Hawahesabu ndoo, pikipiki ya asubuhi na jioni, nguzo za umeme, wala mtoto atembeaye gizani kwenda shule.

Najua jibu litakaloletwa: “Serikali itanihamisha.” Itakuhamisha wewe, nyumba haihami. Ukipelekwa Songea, walimu na wauguzi watakaoletwa baada yako watatafuta pa kulala, na kodi watakayokulipa itakulipia chumba chako cha huko. Lakini nani atapanga kiwanja kitupu?

Wengine husema wataingoja Serikali. Zamani mtumishi alitumaini kota. Tangu mwaka 2002 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwamo ndani yake. Waliobahatika walibahatika, na sisi tulioajiriwa baadaye tulikuta hadithi. Wengine tena hungoja mafao ya uzeeni. Hao nawaomba wasome hesabu. Mzee aliyekuwa katika mfuko wa PSPF au LAPF alizoea kuahidiwa nusu ya fungu lake kwa mkupuo. Mifuko iliunganishwa mwaka 2018 ikawa PSSSF. Kuanzia Julai 2022 mkupuo ulifanywa asilimia 33, na baada ya manung’uniko mengi mwaka 2024 Serikali ilitangaza asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu. Sisemi kikokotoo hakina sababu zake. Nasema mtu aliyepanga kujenga nyumba akiwa na miaka sitini, kwa fedha ambayo kipimo chake hubadilishwa na wengine, hajapanga neno.

Tena mpangaji hulipa hata asichodaiwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika umeme wa LUKU, na tangu mwaka 2023 nyumba ya kawaida hutozwa shilingi 1,500 kila mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anunuaye umeme ni mpangaji. Mpangaji ana haki ya kuirudishiwa au kuikata katika kodi ya chumba. Wangapi kati yetu, ambao kutwa twaandikia watu barua za haki zao, tumewahi kuidai? Na sheria ya kuzuia kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hata mwenye nyumba apandishapo kodi hakuna pa kwenda kulia.

Basi atakayenisikia asikimbilie kununua kesho asubuhi, maana katikati ya mji pana mitego yake. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Tunachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, nayo haizidi miaka 99. Cheti chake ni hati. Karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Ni ushuhuda wa kwamba watu fulani walikutana siku fulani wakapeana fedha. Leseni ya makazi nayo ni ya miaka michache tu. Mtumishi asiyekubali kupokea barua ya ofisini isiyo na kumbukumbu namba hukubali kutoa akiba ya miaka minane kwa karatasi ya daftari! Tena mahali pengi mtu hudaiwa asilimia kumi ya bei ili karatasi ile ipigwe muhuri. Aulize ni sheria gani, kifungu gani, na risiti iko wapi.

Nyumba za zamani za Manundu, Majengo na Chanika karibu zote zimerithiwa. Mzee amekufa, watoto saba wametawanyika, mmoja aliyebaki ana deni naye anauza. Huyo hana cha kuuza. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyewekwa na mahakama, na hata yeye yafaa uwaone warithi wenzake, zaidi wale wa kike, kwa kuwa ndio wasahauliwao wakati wa kugawana na ndio wajao na barua ya mahakama baada ya miaka mitatu. Kama muuzaji ana mke, na nyumba ndiyo wanamokaa, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yake. Hayo yamo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, ulizia deni la kodi ya ardhi, lipa, ndipo utoe fedha. Siku tatu za upekuzi ni nafuu kuliko miaka mitatu ya kesi.

Nimefika penye moto. Kwa nini watumishi wengi wa miji hii hawapati viwanja vinapopimwa? Jibu la kweli halipendezi, na sitalipamba. Wapo kati yetu wenyewe, wanachama walipao ada na kupiga makofi mkutanoni, ambao kwa sababu ya meza waliyopewa huona orodha kabla ya watu. Karani wa namna hiyo hujiandikia kiwanja kimoja, cha pili kwa jina la shemeji, cha tatu kwa jina la mtoto anyonyaye. Kisha tangazo likibandikwa ubaoni vimebaki vya bondeni. Mwezi ujao huviuza kwa mwenzake wa ofisi ya pili kwa bei mara nne. Mwizi wa kuku hupelekwa polisi. Huyu twamwita mjanja, na twamwomba atusaidie.

Chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika wa nchi hii kiliundwa Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba, mtu wa Bonde, alikuwa katika waliokianzisha. Makarani wale walitaka waheshimiwe na wakubwa wao. Sisi wakubwa ni wetu, na ofisi ni zetu. Hatuna tena mgeni wa kumlaumu.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao nitaleta hoja. Chama kiziandikie halmashauri za miji ya Handeni na Korogwe, kiombe kwamba kila viwanja vigawiwapo orodha ya waombaji na ya waliopewa ibandikwe mahali pa wazi, pamoja na namba za viwanja. Mwanachama atakayeonekana amejipatia zaidi ya kimoja kwa majina ya watu atolewe katika chama, na jina lake lichapwe katika gazeti hili. Tena kiundwe kikundi cha kuweka akiba kwa ajili ya kununua nyumba za zamani zenye hati, ili wanne au watano wanunue kwa umoja nyumba asiyoiweza mmoja, wakakae au wakapangishe.

Anayetaka kunipinga ninamkaribisha. Ila aje na risiti za kodi ya chumba alizolipa tangu alipofika hapa, tuzijumlishe pamoja mbele ya mkutano kabla hajaanza kusema.

Ni mimi,
Karani Mpangaji,
Korogwe