Paka Wako Anahitaji Mafuta Gani?



Mkulima akivuna mahindi huyaweka ghalani. Panya nao huyafuata huko huko. Usiku sisi tunalala, na mlinzi wa ghala ni paka. Mlinzi huyu akiwa dhaifu, mahindi yetu huliwa. Yale yanayobaki huchafuliwa na mikojo ya panya. Kwa hiyo afya ya paka inahusu chakula chetu na cha watoto wetu.

Mara nyingi tunaona paka amekonda. Manyoya yake yamepauka na yanatoka ovyo. Ngozi yake ina magamba meupe. Watu husema, "Paka huyu amekosa mafuta." Basi humtilia mafuta ya kupikia katika ugali. Je, hiyo ni sawa? Leo tuzungumze juu ya mafuta ya paka. Yapi yanafaa? Yapi hayafai? Na kiasi gani kinatosha?

PAKA SI KAMA MTU

Mtu hula nafaka, mboga na nyama. Mbwa pia anaweza kuishi kwa chakula cha mchanganyiko. Lakini paka ni mla nyama, kama simba na chui. Mwili wake umezoea chakula kinachotoka kwa mnyama.

Tuchukue mfano wa mawese. Watu wa Kigoma wanayajua sana mafuta haya mekundu. Rangi ile ina faida kwa mtu. Mwili wa mtu huigeuza kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho. Mwili wa paka hauwezi kazi hiyo. Paka akila mawese, karoti au mchicha, hapati vitamini A. Ni lazima aipate ikiwa tayari, katika ini, yai, samaki au panya mzima.

Tena kuna aina ya mafuta ambayo mwili wa mtu huitengeneza wenyewe kutokana na mafuta ya mimea. Mwili wa paka hushindwa kuitengeneza ya kutosha. Paka jike akiikosa, hawezi kuzaa watoto wenye afya. Aina hiyo hupatikana katika mafuta ya kuku, ya samaki na ya wanyama wengine.

Mama mmoja anaweza kuuliza, "Mimi humpa paka wangu ugali wenye mafuta ya alizeti. Hayo hayatoshi?" Jibu ni hili: hayatoshi. Mafuta ya alizeti, ya pamba, ya karanga na ya nazi humpa paka nguvu. Ya alizeti humsaidia kidogo na ngozi pia. Lakini hayachukui nafasi ya mafuta ya mnyama. Afadhali mafuta hayo yabaki chunguni kwa ajili ya watoto.

MAFUTA HAYACHUKUI NAFASI YA NYAMA

Kuna kitu kingine ambacho paka hupata katika nyama na samaki. Kinaitwa taurini. Katika mafuta hakimo, na katika ugali hakimo. Paka akikosa taurini kwa muda mrefu, macho yake huharibika na moyo wake hudhoofika. Mwaka 1987 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, Marekani, walichunguza paka wenye ugonjwa wa moyo. Waliona kwamba walipungukiwa na taurini. Walipopewa taurini, mioyo yao ilipata nguvu tena.

Kwa hiyo usinunue chupa ya mafuta kabla ya kufikiri juu ya chakula chenyewe. Dagaa wana mafuta, tena wana nyama, maini na macho. Vyote vimo pamoja. Chemsha dagaa wachache, uwaponde, uwachanganye na ugali kidogo. Kama wametiwa chumvi, waloweke kwanza na umwage maji yale. Vichwa vya samaki, matumbo ya kuku na vipande vya ngozi ya kuku vinafaa pia. Vipike kwanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, kwa sababu huvunjika vipande vikali na kumchoma tumboni.

Wengine huogopa kwamba paka akishiba hatakamata panya. Hofu hiyo haina msingi. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Paka mwenye nguvu huwinda vizuri kuliko paka anayeyumba kwa njaa.

KIASI GANI?

Mafuta yana nguvu nyingi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ni karibu sehemu moja ya sita ya nguvu ambazo paka wa kilo 4 anahitaji kwa siku nzima. Akizidishiwa, huharisha. Akizoea kuzidishiwa, hunenepa na kuwa mvivu. Kwa paka mkubwa, robo ya kijiko cha chai inatosha, mara mbili kwa wiki. Yachanganye na chakula.

Usimmiminie paka mafuta mdomoni kwa nguvu. Mafuta yanaweza kupotea njia na kuingia katika mapafu. Hapo hupata nimonia, na anaweza kufa.

Madukani huuzwa mafuta ya samaki ya namna mbili. Namna ya kwanza hutoka katika mwili wa samaki. Namna ya pili hutoka katika ini la samaki. Ukinunua, soma maandishi ya chupa. Mafuta ya ini yana vitamini A nyingi sana. Paka akipewa kila siku, mifupa ya shingo yake hushikana. Hawezi tena kugeuza kichwa wala kujilamba. Hatari ni ile ile kwa paka anayelishwa ini kila siku. Ini kidogo mara moja kwa wiki linatosha.

Mafuta ya samaki yakikaa sana huharibika. Harufu yake huwa kali. Watu wa pwani wanaijua sifa, yaani mafuta ya papa ya kupaka majahazi. Hayo si chakula cha paka. Mafuta yaliyoharibika humaliza vitamini E mwilini. Paka anayelishwa hayo, au anayelishwa samaki wenye mafuta peke yao kila siku, anaweza kupata ugonjwa. Mafuta ya chini ya ngozi huwa magumu na ya manjano. Ukimgusa hulia kwa maumivu.

MAFUTA YA HATARI

Wako watu wanaompaka paka mafuta ya taa au oili chafu ili kuua viroboto. Wengine hutumia mafuta ya karafuu au ya mkaratusi. Acheni kabisa! Paka hujilamba mwili mzima. Kila unachompaka atakimeza. Ini la paka haliwezi kuondoa sumu ya mafuta ya namna hiyo.

Mafuta yaliyokaangiwa vitunguu au vitunguu saumu usimpe pia. Vitunguu huharibu damu ya paka.

Tena kumbuka kwamba manyoya mabaya hayaletwi na chakula peke yake. Minyoo, viroboto na upele huleta hali hiyo hiyo. Ukimlisha vizuri kwa wiki 6 bila kuona nafuu, mpeleke kwa bwana mifugo au bibi mifugo.

TUKUMBUKE

1. Paka ni mla nyama. Mafuta yanayomfaa hutoka kwa mnyama na samaki.
2. Dagaa waliochemshwa wanamfaa kuliko ugali wenye mafuta ya kupikia.
3. Mafuta yawe kidogo, yawe mazuri, na yawe ndani ya chakula.
4. Ini na mafuta ya ini visizidi.
5. Usimpake paka mafuta ya taa, oili, wala mafuta ya karafuu.

Leo jioni mwangalie paka wako. Mpapase mgongoni. Je, manyoya yake ni laini? Je, amekula nini leo? Mlinzi wa ghala akishiba, nasi tutavuka mwaka na mahindi yetu.